Dawa za presha si peremende, na si sumu pia

"Nipe za mia."

Simama kwa foleni ya kemisti yoyote mtaani jioni na utaisikia sentensi hiyo kabla hujafikiwa. Mama anatoa noti iliyokunjwa mara nne, anasema "za presha, zile ndogo nyeupe", anakatiwa vidonge kwa makasi, vinatiwa kwenye bahasha ya kaki, anaenda zake. Hakuna aliyemuuliza presha yake ni ngapi. Hakuna aliyemuuliza kama miguu imevimba au kama anakohoa. Tena mara nyingi makasi yenyewe yamepita katikati ya jina la dawa na tarehe ya mwisho ya kutumika, kwa hivyo hata akitaka kusoma akifika nyumbani, hana cha kusoma.

Sentensi hiyo nimeisema mimi mwenyewe mara nyingi sana. Kwetu mimi ndiye niliyekuwa natumwa. Na nina hakika wewe unayesoma hii kwa simu, kama una mzazi aliyevuka miaka 45, huenda nawe umetumwa, au utatumwa karibuni. Ndiyo maana naandika hapa kwa ukurasa wa vijana, si kwa ukurasa wa wazee. Dawa za moyo na mishipa ya damu zinamezwa na wazazi wetu, lakini wanaozinunua, wanaozibeba na wanaoachiwa kazi zikikosa kumezwa ni sisi.

Niseme mapema: mimi si daktari. Niliacha chuo mwaka wa pili, na hata huko sikuwa nasomea mambo ya hospitali. Ninayoyajua nimeyajua kwa kukaa kwenye viti vya kliniki nikisubiri jina la mamangu liitwe, kwa kuuliza maswali hadi muuguzi mmoja akaniambia nimejiandikisha kozi bila kulipa karo, na kwa kusoma zile karatasi ndogo zinazokunjwa ndani ya pakiti. Yafaa usome nawe.

Mamangu aligunduliwa kuwa na presha kwenye kambi ya matibabu ya bure kanisani. Alikuwa ameenda kupimwa macho. Mashine ikasoma 178 kwa 104. Wakamwambia aketi, apumzike, wakampima tena, ikakaa palepale. Akaelekezwa kituo cha afya, akapimwa siku nyingine, akaanzishiwa dawa. Miezi mitatu baadaye alipimwa 136 kwa 84. Alirudi nyumbani akiimba. "Nimepona," akatuambia. Wiki iliyofuata hakunituma kemisti, na iliyofuata pia hakunituma.

Sikumuuliza kitu. Ukweli mchungu ni kwamba nilifurahi. Ile pesa ya dawa ilianza kubaki nyumbani, na kidogo yake ikawa inaishia kwa bando zangu.

Baada ya miezi minane sahani ilimwanguka mkononi jikoni. Nilidhani imeteleza. Nikamwona anajaribu kuniita na mdomo umevutwa upande mmoja, maneno yanatoka kama ya mtu mwenye ugali mdomoni. Kilikuwa kiharusi. Karo ya muhula huo ilienda kwa hospitali, na ya uliofuata ikaenda kwa mazoezi ya viungo. Ndivyo nilivyoacha chuo. Mama yuko hai, anatembea, anacheka, ananigombeza. Lakini mkono wake wa kushoto haufungi kifungo, kwa hivyo asubuhi kabla sijatoka namfunga mimi vifungo vya sweta.

Sasa, tuelewane kitu hiki presha ni nini, kwa sababu neno lenyewe tumelichezea. Mtaani mtu akikwambia "usinipandishe presha" anamaanisha usimkasirishe. Tumeamini basi kwamba presha ni jambo la kusikika: kichwa kuuma, moyo kudunda, hasira. La hasha. Presha ni nguvu ambayo damu inasukuma nayo kuta za mishipa. Namba ya juu ni pale moyo unapobana, ya chini ni pale unapotulia kati ya pigo moja na jingine. Mtu mzima akipimwa siku tofauti na ikawa inaendelea kusoma 140 kwa 90 au zaidi, hiyo ni presha ya juu, hata kama anajihisi mzima kama ng'ombe wa maonyesho. Watu wengi hawasikii chochote hadi siku mshipa unapopasuka au kuziba.

Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2015 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne humu nchini ana presha iliyopanda, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja. Hesabu watu kwenye matatu ya abiria 14, kisha ufikirie.

Dawa zinafanyaje kazi? Si uchawi. Amlodipini inalegeza mishipa ili damu ipite bila kusukumana. Haidroklorothiazaidi, ile watu huita ya kutoa maji, inafanya figo kutoa chumvi na maji zaidi. Enalaprili na losatani zinaingilia homoni inayokaza mishipa. Atenololi inapunguza mbio za moyo. Hakuna hata moja kati ya hizo inayong'oa presha mwilini. Zinaishusha kwa muda zikiwa mwilini, basi. Dawa ya presha ni kama mwavuli: kama hujalowa, haina maana kuwa mvua imekatika. Mamangu aliona 136 akafunga mwavuli. Na mimi nilikuwa nimesimama hapo kando nikamtazama.

Kuna wanaosema hizi dawa ni biashara ya wazungu tu. Haya, tuangalie mzungu mmoja ambaye hakuzipata. Franklin Roosevelt alikuwa rais wa Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Alikuwa na daktari wa moyo wa kumfuata kila mahali. Februari 1945, akiwa kwenye mkutano wa Yalta, presha yake ilisomwa 260 kwa 150. Madaktari wake walikuwa na nini cha kumpa? Kupunguza chumvi, kupumzika, vidonge vya kutuliza, na dawa ya zamani ya moyo itokanayo na mmea. Aprili 12 mwaka huohuo alilalamika kichwa kinamuuma sana, akaanguka. Presha ilikuwa imepita 300. Damu ilivuja kwenye ubongo, akafariki siku hiyohiyo akiwa na miaka 63. Vidonge vya kwanza vya kutoa maji vya aina ile tunayotumia leo vilianza kuuzwa mwaka 1958. Kilichokosekana kwa rais wa nchi yenye nguvu kuliko zote, leo kimo ndani ya bahasha ya kaki pale kemisti.

Na faida yake imepimwa. Mwaka 2016 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha uchambuzi uliojumlisha majaribio 123 yenye watu zaidi ya 600,000. Ilionekana kwamba kila namba ya juu ikishushwa kwa 10, hatari ya kiharusi inapungua kwa takriban asilimia 27, na ya moyo kushindwa kazi kwa takriban asilimia 28. Namba ya mamangu ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya 40. Ukinielewa hapo, utaelewa kwa nini silali vizuri siku nyingine.

Lakini sitaki kukuuzia dawa kama wale wa kupiga kelele na vipaza sauti stendi ya basi. Dawa hizi zina madhara yake, na mtu akikwambia hazina, anakudanganya. Kosa letu ni kwamba madhara hayo tunayajadili na jirani badala ya kuyajadili na aliyeandika dawa.

Baada ya kiharusi mama alirudishiwa amlodipini, safari hii kwa kipimo kikubwa zaidi. Baada ya wiki kadhaa vifundo vya miguu vikaanza kuvimba, viatu vya kanisani vikakataa kuingia. Jirani mmoja, mwenye nia njema kabisa, akamwambia, "Mama, hizo dawa zinakumaliza figo. Dada yangu ndivyo alivyoanza." Siku nne baadaye nilipokuwa nabadilisha shuka nilikuta vidonge chini ya godoro, vimepangwa vizuri. Alikuwa anavitoa kwa pakiti nione zinapungua, kisha anavificha.

Sikumpigia mama kelele. Nilikuwa nimeshajifunza kwamba kelele haishushi presha. Tulirudi kliniki pamoja, na pale nikasema mimi kwa sababu yeye alikuwa anaona haya. Afisa wa kliniki aliangalia miguu, akapima mkojo na damu, akatueleza kwamba kuvimba vifundo ni jambo linalojulikana kwa amlodipini, hasa kipimo kikiwa kikubwa, na kwamba figo zake ziko sawa. Akapunguza kipimo, akaongeza losatani. Baada ya muda viatu vikaingia tena. Dakika kumi na tano za maongezi zilimaliza kitu ambacho kingeweza kumrudisha wodini.

Hili la figo lazima tulinyooshe. Mara nyingi kinachoharibu figo ni presha yenyewe iliyoachwa ipande miaka na mikaka. Enalaprili na losatani hata hutumika kuzilinda figo, hasa za watu wenye kisukari. Ila dawa hizohizo zinataka damu ipimwe kila baada ya muda, kuona figo zinaendeleaje na madini ya potasiamu yamekaa vipi. Kwa hivyo anayesema dawa zinaua figo amekosea, na anayekuuzia dawa miaka mitatu bila kukwambia upimwe damu amekosea pia.

Enalaprili ina lake. Inaweza kuleta kikohozi kikavu kisichoisha, kile cha usiku, na dawa zote za kikohozi hazikigusi. Mtaani mtu akikohoa miezi miwili ameshapewa kifua kikuu na majirani. Dawa ikibadilishwa, kikohozi huondoka chenyewe. Mara chache sana inaweza kuleta jambo la hatari: midomo, ulimi au uso kuvimba ghafla. Hili huwapata watu weusi zaidi kuliko wazungu, kwa hivyo sisi ndio tunaopaswa kulijua kwanza. Ukiona hivyo, usingoje siku ya kliniki. Tafuta gari, kimbia hospitali.

Ya kutoa maji inakufanya ujue vyoo vyote vya mji. Nina shangazi ambaye kila akisafiri kwenda mashambani anaruka dawa siku ya kwenda na siku ya kurudi, kwa sababu matatu haisimami kwa ajili yake. Namwelewa kabisa. Lakini hajawahi kumwambia daktari, ambaye huenda angempangia saa nyingine ya kuimeza. Dawa hiyo pia inaweza kushusha potasiamu mwilini na kuamsha jongo kwa baadhi ya watu, yale maumivu ya kidole gumba cha mguu yanayomfanya mzee alie kama mtoto.

Atenololi na ndugu zake hazifai watu wengi wenye pumu, na haziachwi ghafla. Zikikatwa siku moja, moyo unaweza kurudi mbio kwa nguvu kuliko awali, na kwa mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo hilo linaweza kuleta mshtuko wa moyo. Zikiachwa, ziachwe polepole, kwa maelekezo.

Kisha kuna lile ambalo wanaume hawasemi. Baadhi ya dawa za presha, hasa za kutoa maji na zile za kundi la atenololi, zinaweza kupunguza nguvu za kiume. Na presha yenyewe pia hupunguza, tusisahau. Mzee anagundua, ananyamaza, anaacha dawa. Au hasemi, anaenda kemisti nyingine, mbali na kwake, ananunua kile kidonge cha buluu. Sasa sikiliza hapa, hata wewe kijana wa wikendi. Kidonge hicho, sildenafili, kilianza maisha yake kama dawa ya moyo. Watafiti wa kampuni ya Pfizer kule Uingereza walikuwa wanakijaribu kwa maumivu ya kifua, wakaona kazi yake nyingine, na mwaka 1998 kikaidhinishwa Marekani kwa hiyo kazi nyingine. Maana yake ni kwamba kinalegeza mishipa. Mtu anayetumia dawa za kundi la naitreti kwa maumivu ya kifua akikimeza, presha inaweza kuporomoka hadi azimie au afe. Hakuna aibu inayolingana na hiyo. Mwambie daktari. Amesikia makubwa zaidi.

Tena kuna dawa ambazo hatuzihesabu kuwa dawa. Mama anaumwa mgongo, fundi wa mjengo anaumwa mabega, wote wanapewa diklofenaki au ibuprofeni, wanameza kila siku kama chai. Dawa hizo za maumivu zinaweza kupandisha presha, zikapunguza nguvu ya dawa za presha, na zikichanganywa na enalaprili au losatani pamoja na ya kutoa maji, figo zinabebeshwa mzigo usio wake. Basi ukienda kununua ya mgongo, sema kwanza: "Huyu anatumia dawa za presha, nimpe gani?" Ni sentensi moja.

Kuna vijana wenzetu ambao haya si ya wazazi, ni yao. Kuna ugonjwa wa moyo unaoanza na koo kuuma utotoni. Usipotibiwa, mwili unaweza kukasirika na kushambulia vali za moyo. Wengi huishia kudungwa sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne kwa miaka, na baadhi hubadilishiwa vali. Wenye vali za chuma humeza wafarini maisha yao yote ili damu isigande juu yake.

Wafarini ni somo kamili la faida na hatari ndani ya kidonge kimoja. Hadithi yake ilianza Marekani Kaskazini miaka ya 1920, ng'ombe walipoanza kuvuja damu hadi kufa baada ya kula nyasi zilizooza. Wanasayansi wa Wisconsin walitafuta kilichokuwa ndani ya nyasi hizo, na kutoka hapo ikatengenezwa wafarini, iliyouzwa mwaka 1948 kama sumu ya panya. Mwaka 1954 ikaidhinishwa kwa binadamu. Yaani kitu kilekile kinachoua panya kinamzuia dada wa miaka 24 asipate kiharusi, tofauti ikiwa kipimo. Ikizidi, anavuja damu. Ikipungua, damu inaganda. Ndiyo sababu lazima apimwe damu mara kwa mara, kipimo kinachoitwa INR.

Na hapo ndipo sukuma wiki inapoingia. Mboga za majani zina vitamini K kwa wingi, na vitamini hiyo inapingana na wafarini. Haimaanishi uache sukuma, Kenya hii utakula nini? Maana yake ni kwamba ule kwa kiasi kilekile wiki hadi wiki. Usikae wiki mbili bila mboga, kisha mwisho wa mwezi ukale sufuria nzima. Na ukipewa dawa yoyote mpya, hata ya kienyeji, hata ya chai ya mitishamba iliyosifiwa kwa redio, mwambie anayekupima INR.

Kina dada, hili ni lenu hasa. Wafarini, enalaprili na losatani zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kama unatumia mojawapo na unafikiria kupata mtoto, au umechelewa siku, zungumza na daktari mapema, kwa sababu kuna dawa nyingine zinazoweza kutumika. Lakini usitupe vidonge chooni kwa hofu ukakaa kimya, hasa ukiwa na vali ya chuma. Nenda kliniki siku hiyohiyo. Moyo wako na mtoto wako wanahitaji mpango, si ujasiri.

Mfano wa mwisho, ile aspirini ndogo "ya kulainisha damu". Mzee mmoja akipata mshtuko wa moyo akaandikiwa, basi ukoo mzima wa miaka 50 kwenda juu unaanza kuimeza. Kwa aliyewahi kupata mshtuko wa moyo, au kiharusi cha damu kuganda, aspirini husaidia kuzuia wa pili. Kwa ambaye hajawahi, matokeo ya majaribio makubwa yaliyotolewa mwaka 2018 yalionyesha faida ndogo au hakuna, huku hatari ya kuvuja damu ikiongezeka. Na kiharusi cha damu kuvuja hakitaki aspirini hata kidogo. Kidonge kimoja, watu wawili, majibu mawili. Ndiyo maana dawa haikopeshwi jirani kama chumvi.

Msimamo wangu basi ni huu. Hatari kubwa ya dawa hizi kwetu haimo ndani ya kidonge. Imo kwenye kimya: kuanza bila kupimwa, kuacha bila kusema, kubadilisha bila kuuliza. Na kimya hicho hakikuletwa na mama zetu peke yao.

Wenye kemisti, najua mnatafuta riziki kama sisi. Lakini acheni makasi yasipite kwenye jina la dawa. Andikeni jina na kipimo juu ya bahasha, kalamu haizidi shilingi ishirini. Na mkiwa na mashine ya presha hapo kaunta, mpimeni mtu kabla ya kumuuzia.

Serikali nayo isikie. Septemba 2023 ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 waliopewa mikoba yenye vifaa, mashine ya presha ikiwemo. Ni hatua nzuri na naipongeza. Lakini mhamasishaji akibisha mlango, akampima nyanya, akamwambia ni 180, kisha nyanya akifika zahanati aambiwe dawa zimeisha ajaribu wiki ijayo, tumemletea nyanya habari mbaya tu na kumwachia nauli. Dawa ya presha ni ya kila siku. Kaunti zihakikishe vidonge vya mwezi mzima viko rafuni, na ikiwezekana mtu mwenye presha iliyotulia apewe vya miezi miwili au mitatu, aache kupoteza siku ya kazi kila mwezi.

Na sisi? Tuna simu. Leo jioni piga picha pakiti za dawa za mzazi wako, jina na kipimo vionekane, uzihifadhi. Weka kengele ya kumkumbusha. Namba za presha ziandike kwa daftari, na tarehe, ili daktari aone mwezi mzima na si siku moja. Ukimsindikiza kliniki uliza mambo matatu: dawa hii inafanya nini, nitajuaje inamsumbua, na nifanye nini ikimsumbua. Ukiambiwa huna haki ya kuuliza, uliza tena kwa adabu. Na ukikuta vidonge chini ya godoro, usipige kelele. Kuna sababu, itafute.

Usimhubirie mzazi kuhusu chumvi huku wewe umebeba chipsi. Chumvi kidogo, kutembea, kupunguza pombe na sigara vinasaidia kweli, na kwa wengine vinapunguza idadi ya vidonge. Lakini vinasaidiana na dawa. Kitunguu saumu na ndimu ni vitamu kwenye nyama, ila havikumsaidia mtu niliyemjua wodini.

Mamangu hupima kila Jumapili baada ya kanisa. Juzi ilisoma 132 kwa 82. Akaniangalia kwa lile jicho lake, akauliza, "Sasa si tungepumzisha hizi dawa kidogo, baba?" Ananiita baba kwa sababu nimebeba jina la babake. Nikamwambia hapana mama, ila Alhamisi tukienda kliniki tutamuuliza daktari pamoja, wewe ndiye utauliza. Akakubali.

Kwa hivyo jioni ya leo ukitumwa dukani, usiseme "nipe za mia". Sema jina la dawa, sema kipimo, sema ni ya nani.